Mtani Kalala Njiani

Siku ya Pingamizi, Wajao walifika mapema kuliko sisi, ingawa walikuwa bado hawajazaliwa. Waliwekewa viti vya mbele, vile vyenye mito, na sisi tuliokwisha kuzaliwa, kosa letu wenyewe hilo, tukabanana nyuma kwenye mabenchi. Viti vyao vilikuwa vitupu. Hata hivyo chai iliyomiminwa mbele yao ilipungua vikombeni, na kila upepo ulipopita Mwenyekiti Nandonde aliinamisha kichwa na kusema kwa adabu, "Tumewasikia." Sijapata kuona watu wanaosikilizwa kama wasiokuwepo. Mimi nipo siku zote, sauti yangu inaamsha mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kunipa hata mto wa kukalia.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo zamani, ukaliazimisha kwa mji jirani uliokuwa na sherehe, na mji jirani ukasahau kulirudisha. Huu wetu umekaa mgongoni mwa kilima kama mtoto aliyebebwa na mama asiyejua anakokwenda. Upande mmoja kuna korongo, ambalo kila masika linameza kipande cha shamba la mtu. Upande wa pili kuna kinamasi, ambacho hakishibi wala hakisemi asante. Nyuma yetu umelala uwanda mpana, na huo ndio uliokatwa viwanja kwenye mchoro: vijisanduku, vijisanduku, vijisanduku, kila kimoja na namba yake, kila kimoja kinamsubiri Mjao wake. Ila sheria ya Baraza inasema viwanja visivyo na njia ya kuingilia ni picha tu. Mahali pasipofikika hapapo. Na kati ya korongo na kinamasi pana upenyo mmoja tu unaoweza kupitisha barabara. Upenyo huo ni ua wa Bi Somoe.

Kwa hiyo Baraza lilikaa hapo hapo uani kwake, maana sheria inataka njia ijadiliwe mahali itakapopita. Mchoro ulitundikwa kwenye ukuta wa jiko lake la nje, moshi ukiulamba. Vijana wa vipimo walikuwa wamekwisha kuchimba mtaro mfupi wa kupima udongo, kina cha kiuno, ukaja ukaishia karibu na bakuli la bluu lililopinduliwa kifudifudi. Sheria nyingine ilikuwa rahisi, na ndiyo niliyoipenda: mwenye ua akishikilia neno lake mpaka kivuli cha paa lake kiliguse lile bakuli, pingamizi limesimama, mchoro unakunjwa, Wajao wanarudi walikotoka, kama kuna mahali panaitwa walikotoka.

Yaani tulichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu.

Kukaa kimya! Waniambie mimi.

Mimi ni mtani. Si cheo, si ajira, ni damu. Ukoo wangu na ukoo alikoolewa Bi Somoe walipigana enzi ambazo hata vumbi lake limekwisha kuwa udongo, wakachoka kuuana, wakakubaliana kuchekana. Tangu hapo naweza kuingia nyumbani kwao nikafunua chungu nikala mnofu mkubwa. Naweza kumwita Mwenyekiti Nandonde mtumwa wangu, mbele ya watu, na yeye atameza. Lakini utani una siku yake ya uchungu, nayo ni siku ya msiba. Wakifiwa wao, mimi ndiye ninayevaa nguo za marehemu, nikatembea mwendo wake, nikasema maneno yake kwa sauti yake, mpaka wenye msiba wacheke na machozi yakiwa bado yanateremka. Kisha kaburi likishachimbwa, naingia mimi kwanza. Nalala chali. Nasema, "Sitoki!" Nao lazima wanikomboe, kwa kuku, kwa kitambaa, kwa chochote walicho nacho mkononi. Kikiwa kidogo nakidharau, wanaongeza, nakidharau tena, watu wanacheka. Nikikubali, natoka, na mwenyewe anaingia. Hakuna anayejua kwa nini tunafanya hivi. Mimi nadhani wazee waligundua jambo moja: hakuna mtu anayeweza kumtia mwanawe shimoni kama hajapewa kwanza nafasi ya kumtoa mtu humo.

Chini ya lile bakuli la bluu amelala Chande, mtoto wa pekee wa Bi Somoe. Bakuli ndilo alilokuwa akilia chakula. Homa ilimkamata siku ya mvua, gari la wagonjwa likaja likasimama chini ya kilima, likawasha taa zake zile zinazozunguka, likangoja. Halikuweza kupanda. Wanaume wakambeba Chande juu ya kitanda chake cha kamba, wakateleza, wakainuka, wakateleza, na walipofika chini lile gari lilikuwa halina tena wa kumbeba. Tukampandisha kilima kwa njia ile ile. Mzigo wa kurudi, watu wanasema, ulikuwa mwepesi kuliko wa kwenda. Mimi sikubeba. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa shati lake.

Nilimwigiza vizuri mno. Chande alikuwa akiburuta mguu wa kushoto kidogo, na kicheko chake kilikuwa kikifika kabla ya kichekesho chenyewe, kama mgeni asiyeweza kusubiri kukaribishwa. Nilipocheka kicheko hicho uani, Bi Somoe naye alicheka, akacheka, kisha akanitazama, akasema, "Chande, umekula?" Na mimi, mjinga wa Mungu, nikamjibu kwa sauti ya Chande, "Nimekula, mama."

Tangu siku hiyo shati sikulirudisha, wala hakulidai. Asubuhi nyingine ananiita Chande, naitika. Asubuhi nyingine hakuna anayeniita, naamka nikakaa kitandani, sijui leo nimvae nani. Mtu ni nini kama si jina linaloitwa na mtu anayetaka ujibu? Na kama anayeitwa hayupo, na anayejibu siye, ni nani hasa aliyekula?

Basi. Kikao.

"Wewe mtumwa wangu," nilimwambia Mwenyekiti Nandonde, nikikalia kiti chake alipoinuka kufungua, "leo umelivaa koti au koti limekuvaa wewe?"

Mabenchi yalicheka. Nandonde akameza, kama desturi inavyomtaka. "Mtani, kaa popote upendapo. Ila huo mdomo wako uache usimame nje."

Nandonde ni mdogo wa marehemu mume wa Bi Somoe. Si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mtu mbaya. Watu wabaya ni wepesi kutaniwa.

Aliyefuata kusimama ni Tusekile, binti wa vipimo, mgeni wa mji, kofia yake ya plastiki ya njano ameishika kifuani kama sahani. "Shikamoo, mama," alimwambia Bi Somoe, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, kanga begani, mikono mapajani.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Mama, nyumba yako inabaki. Haiguswi. Kinachoondoka ni ua tu."

"Ua unaondoka unakwenda wapi?"

"Unakuwa barabara."

"Na barabara inakwenda wapi?"

"Viwanjani."

"Haiendi nyuma?"

Tusekile akageuka kuutazama mchoro. "Nyuma wapi, mama?"

"Nyuma. Kule siku ile."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Binti aliufuata mstari mwekundu kwa kidole, kutoka jikoni mpaka mwisho wa uwanda, akarudi, akafuata tena, kama vile safari hii angeona kichochoro ambacho vipimo vilikisahau. "Inaishia kiwanja cha mwisho, mama," alisema taratibu. "Mchoro hauna nyuma."

"Na huyu wangu?" Bi Somoe aliuliza, akielekeza kidevu kwenye bakuli.

"Atahamishwa kwa heshima zote. Pametengwa mahali pa makaburi, mwisho kabisa wa uwanda. Pazuri. Pana upepo."

"Na mpaka huko atakwendaje?"

 Jibu lilikuwa moja tu na kila mtu uani alikuwa nalo kinywani. Hatimaye Tusekile alilitoa, kwa sauti ya mtu anayetema mfupa. "Kwa barabara, mama."

Niliangalia kivuli. Kilikuwa kimeshuka kutoka ukutani, kimevuka mafiga, kinalitambalia bakuli kama paka anayejifanya hana haja.

Nandonde akavua kofia yake, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. "Shemeji," alisema, "mimi ndiye niliyeshika mguu wa mbele wa kile kitanda. Mimi ndiye niliyeteleza. Nikifumba macho nasikia kamba zinalia. Sitaki kumbeba mtoto mwingine kilimani hapa. Barabara hii ingekuwepo, Chande angekuwepo."

"Ndiyo, shemeji," alisema Bi Somoe. "Imechelewa kumbeba, sasa inataka kumpita juu."

Upepo ukapita kwenye viti vya mbele. Kikombe kimoja kilitikisika. "Tumewasikia," alinong'ona Nandonde, lakini safari hii hakuinama.

Na hapo nikafikiri. Nifikirivyo mimi ni kwa vipande, mnisamehe.

Njia ni nini? Njia ni mahali ambapo hakuna anayebaki. Nyumba ina mwenyewe, kaburi lina mwenyewe, shamba hata likiliwa na nyani lina mwenyewe. Njia ni ya yule anayeondoka tu, na akishaondoka si yake tena. Kwa hiyo wanapotuomba ua tuugeuze njia, wanatuomba mahali pa kubaki wapageuze mahali pa kuondokea.

Lakini pia: Chande alikufa kwa kukosa mahali pa kuondokea.

Lakini pia: nani ana haki zaidi ya ardhi? Aliyekuwepo, aliyepo, au atakayekuwepo? Aliyekuwepo haombi. Atakayekuwepo anaombewa. Aliyepo ndiye anayegombana, ndiye anayekaa kwenye benchi, na ndiye pekee anayeweza kufa.

Lakini pia, na hili lilinijia nikiliangalia shati langu, yaani lake: mimi ni yupi kati ya hao watatu?

Fikra zikinizidi huwa natenda upuuzi. Ndivyo nilivyoumbwa. Kivuli kilikuwa kimebakiza shubiri moja kulifikia bakuli. Shubiri moja! Ningeweza kuhesabu mchwa, ningeweza kujikuna, ningeweza kupiga miayo mpaka ushindi. Badala yake niliona jinsi Bi Somoe anavyolishika pindo la kanga yake, anavyolikunja na kulikunjua, nikaogopa kwamba maneno ya Nandonde yamemwingia. Nikasema moyoni, ngoja niwachekeshe, muda upite. Nikainuka kwenye kiti cha Mwenyekiti, nikauburuta mguu wa kushoto kidogo, nikaingia kwenye ule mtaro, nikalala chali, nikapaza sauti:

"Sitoki!"

Mabenchi yakalipuka kwa kicheko. Lo, kilikuwa kicheko kitamu. Nikajiona nimeokoa nchi. Nani atapitisha barabara juu ya mtani? Kisha nikaona, kutoka huko chini, kofia ya Nandonde ikitoka kichwani na isirudi. Nikaona wanaume wengine wakivua zao. Nikawasikia wanawake wakishuka kwenye mabenchi, wakikaa chini, wakinyoosha miguu. Duara la nyuso likajipanga kuizunguka mbingu yangu. Nililijua duara lile. Huliona kila ninapolala mahali kama pale.

"Nini kinaendelea?" alikuwa akiuliza Tusekile. "Mwenyekiti, tuko kwenye mjadala. Mwambieni atoke."

"Mjadala umekwisha, binti," alisema Nandonde, na sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu anayesoma dua. "Kwetu sisi, mtani akishaingia shimoni hakuna anayeuliza tena kama shimo lichimbwe. Ameshalikubali kwa niaba yetu sote. Kilichobaki ni kimoja tu, akombolewe kwa kitu gani."

Udongo ukanivuta mgongoni.

Kujitoa mwenyewe sikuweza. Mtani anayejitoa bila kukombolewa anaacha nafasi wazi, na nafasi ile humdai mtu wa nyumba yenye msiba. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko.

Basi nikaamua: nitabaki. Nitadharau kila watakachotoa mpaka kivuli kifike. Utani umeniingiza, utani utaniokoa.

Wakaleta jogoo. "Huyu?" nikafoka. "Huyu anakohoa kama Mwenyekiti wenu! Mpelekeni yeye kwanza akapumzike!" Wakacheka wakifuta macho. Nandonde akavua koti lake akalirusha. "Limejaa mbu wa kinamasi, litanila!" nikalirusha juu. Akaleta mkeka. Nikauita mfupa wa samaki. Akatoa fimbo yake ya uenyekiti, na mabenchi yakaguna, maana ile ni kubwa. "Fimbo ya nini, sina mbuzi! Mnanidharau enyi watumwa! Sitoki!" Kivuli kimebakiza upana wa kidole. Mtungi wa maji nilikuwa naukataa kabla haujateremshwa.

Kisha uso wake ukatokea kwenye duara.

Bi Somoe hakuwa akilia. Alinitazama tu, shati lile, udongo ule, kimo kile kile, kichwa kimelalia upande ule ule. Nikajua anaona nini. Nikataka kumtuliza. Nikataka kumwambia, usijali, nashikilia, kivuli kinafika. Na kwa kuwa nilitaka aniamini, nikamwambia kwa sauti ambayo alikuwa akiiamini kuliko zote. Nikamkonyeza, nikasema kwa sauti ya Chande:

"Sitoki, mama."

Aliweka mkono mdomoni. Magoti yake yakagusa udongo, ukingo ukamomonyoka kidogo, vumbi likaniingia machoni.

"Toka, baba," alisema.

"Mama, bado—"

"Toka. Siku ile nilitoa kuku. Nilitoa kuku, ukatoka wewe, akaingia yeye. Nikakaa usiku na mchana najiuliza, labda kuku alikuwa mdogo. Labda ningetoa zaidi." Akageuka akautazama ua wake, mafiga, mwiko uliochomekwa kwenye makuti, kamba ya nguo, bakuli. "Natoa ua. Wote. Nakukomboa kwa ua."

 Vikombe vya Wajao vilitulia.

Nilikuwa na neno moja tu la kuokolea. Neno la kazi yangu, neno nililolitamka maisha yangu yote bila kufikiri, kwa kuku, kwa vitenge, kwa mbuzi: *kidogo*. Ningesema "Kidogo hicho!" na kidole kile cha kivuli kingemalizika, na ua ungebaki. Nililileta mpaka kwenye meno. Nikamtazama. Mtu amekupa yote aliyo nayo ili mtoto wake atoke kaburini; nani atamwambia ni kidogo? Nani, hata kwa mzaha? Hasa kwa mzaha.

Akaninyooshea mkono. Ulikuwa mkavu, una unga wa muhogo kwenye kucha. Nikaushika. Hakuwa na nguvu za kunivuta, ila alivuta, naye Nandonde akamshika kiuno asije akaanguka, na Tusekile, mgeni wa watu, akatupa kofia yake chini akanishika kwapa. Wakanitoa. Nyuma yetu kivuli kililifikia bakuli, kikapanda juu yake, kikaikuta kazi imekwisha.

Kijana mmoja wa vipimo alishuka mtaroni na kigingi. Hakupiga kwa nguvu. Pale nilipolala udongo ulikuwa umelainika kwa joto langu, kigingi kikaingia chenyewe. Viti vya mbele vikasogea kidogo, kama watu wanaoinuka wameridhika. Nandonde alikuwa amefunika uso kwa ile kofia yake. Nilisikia anasema, labda kwa kitanda kile, labda kwa kamba zake, "Sasa litapanda. Sasa gari litapanda."

Bi Somoe alinigeuza, akaanza kunipangusa mgongo kwa pindo la kanga, kofi, kofi, kama mama anayempangusa mtoto aliyetoka kucheza mahali alipokatazwa.

"Ona ulivyochafuka," alisema, na usoni mwake palikuwa na mwanga ambao sikuwahi kuuona tangu siku ya mvua. "Chande. Umekula?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaitafuta ile sauti mahali nilipozoea kuiweka, chini ya ulimi, karibu na kicheko kinachotangulia. Hapakuwa na kitu. Nikajaribu kukohoa, nikajaribu kucheka kwanza ili ifuate. Haikufuata. Ilikuwa imebaki kule chini, mahali pa mwenyewe, na kigingi kilikuwa juu yake.

"Nimekula, mama," nikasema.

Mkono wake ulisimama mgongoni kwangu. Ukakaa hapo kidogo, ukipima. Kisha akazunguka taratibu mpaka mbele yangu, akanitazama machoni, nywele mpaka kidevu, kwa ile adabu ambayo watu wa kwetu huwapa wageni waliofika wakati nyumba haina kitu.

"Karibu," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"